Baada ya Hukumu ya Ajali ya Gari: Riba na Gharama za Kesi

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza wajibu wa kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya madhara kwa mtu mwingine, na hatua za kudai fidia baada ya ajali. Somo hili linaanzia pale ambapo wengi hudhani safari imekwisha: siku mahakama inaposoma hukumu na kumpa majeruhi ushindi.

Kiasi cha fidia kinachotajwa siku hiyo si lazima kiwe ndiyo haki yote ya aliyeshinda. Ipo riba, na ipo amri ya gharama za kesi. Mafungu haya mawili yanatambuliwa na sheria, lakini mara nyingi hupotea kwa sababu mhusika hakuyaomba, hakuyafuatilia kwa wakati, au alitia saini karatasi iliyoyafuta.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kutofautisha riba ya kabla ya hukumu na riba ya baada ya hukumu;
2. kukokotoa riba ya tuzo yake mwenyewe;
3. kufahamu namna na muda wa kudai gharama za kesi;
4. kujua ni wakati gani kampuni ya bima inawajibika kulipa mafungu hayo.

Mfano tutakaoutumia

Ili maelezo yawe rahisi kufuatwa, tutatumia mfano wa kubuni. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, mkazi wa Magomeni, Mtwara, alikuwa abiria katika bajaji iliyogongwa na lori katika barabara ya Mikindani. Alivunjika mguu, akalazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na biashara yake ikasimama kwa miezi mingi. Alifungua shauri la madai katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Mtwara dhidi ya dereva na mwenye lori. Shauri lilichukua miaka miwili kamili tangu kufunguliwa hadi hukumu. Mahakama ilimpa:

- fidia mahsusi (matibabu, dawa, nauli na kipato kilichopotea ambacho alikithibitisha kwa ushahidi): Sh. 6,400,000;
- fidia ya jumla (maumivu, usumbufu na ulemavu wa mguu): Sh. 18,000,000.

Jumla ya fidia ni Sh. 24,400,000. Mahakama iliamuru pia alipwe riba na gharama za kesi. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo kiini cha somo letu.

Riba ya kabla ya hukumu

Hii ni riba inayohesabiwa kwa kipindi ambacho shauri lilikuwa bado halijaamuliwa. Msingi wake ni kwamba mdai alitoa fedha zake mfukoni kulipia hospitali na dawa, na akakaa bila fedha hizo hadi siku ya hukumu.

Riba hii ina masharti mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, ni lazima iombwe katika hati ya madai. Mdai ambaye hakuiomba hana msingi wa kulalamika asipopewa. Pili, hutolewa kwa busara ya mahakama, ambayo huamua kiwango chake na tarehe inapoanza.

Kwa kawaida riba ya kabla ya hukumu hutolewa juu ya fidia mahsusi pekee. Fidia ya jumla haikuwa na kiasi kinachojulikana hadi mahakama ilipoipima, kwa hiyo riba yake huanza kuhesabiwa tangu siku ya hukumu. Hili huwashangaza wengi, hasa pale fidia ya jumla inapokuwa fungu kubwa zaidi.

Katika mfano wetu, tuseme mahakama iliamuru riba ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya fidia mahsusi, tangu siku ya kufungua shauri hadi siku ya hukumu:

Sh. 6,400,000 × 10% = Sh. 640,000 kwa mwaka
Sh. 640,000 × miaka 2 = Sh. 1,280,000

Hapa inaonekana pia thamani ya kutunza stakabadhi. Fidia mahsusi hutajwa waziwazi katika hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. Stakabadhi ya dawa iliyopotea humpotezea mdai bei ya dawa, na pia riba ya bei hiyo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Riba ya baada ya hukumu

Tangu siku hukumu inapotolewa hadi siku deni linapolipwa lote, fedha iliyoamuriwa huzaa riba kwa nguvu ya sheria. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya 20, kanuni ya 21, imeweka kiwango cha asilimia 7 kwa mwaka. Kiwango kingine kinaweza kutumika iwapo pande zote mbili zimekubaliana kwa maandishi, au iwapo hukumu yenyewe imetolewa kwa maridhiano, lakini hakiwezi kuzidi asilimia 12 kwa mwaka.

Lengo la riba hii ni kuufanya ucheleweshaji uwe na bei. Asiyelipa leo atalipa zaidi kesho.

Katika mfano wetu:

Sh. 24,400,000 × 7% = Sh. 1,708,000 kwa mwaka

Kwa mwezi ni takriban Sh. 142,333, na kwa siku ni takriban Sh. 4,679. Tuseme malipo yalifanyika miezi 15 baada ya hukumu. Riba ya kipindi hicho ni:

Sh. 1,708,000 × 15 ÷ 12 = Sh. 2,135,000

Msomaji aone kuwa tumekokotoa riba juu ya fidia pekee. Hatukuweka riba juu ya riba.

Wapo wasomaji ambao kwa imani yao huona shaka kupokea riba. Sheria haimlazimishi mtu kuidai, na mwenye haki anaweza kuiacha kwa hiari yake. Tunachoshauri ni kwamba afanye uamuzi huo akijua kiasi anachokiacha. Asikipoteze kwa kutojua.

Isomeni hati ya tuzo kabla ya kuondoka

Baada ya hukumu, mahakama huandaa hati ya tuzo, yaani waraka mfupi unaoeleza nani amlipe nani, kiasi gani na kwa masharti gani. Hati hii ndiyo inayotumika wakati wa kukazia hukumu. Ni lazima ilingane na hukumu.

Ukiipokea, angalieni wewe na wakili wako mambo manne: kiasi cha fidia, kiwango cha riba ya kabla ya hukumu na tarehe inapoanza, riba ya baada ya hukumu hadi malipo ya mwisho, na amri ya gharama. Ikiwa hukumu ilitaja riba lakini hati ya tuzo imeiacha, au kuna kosa la hesabu, mahakama ina mamlaka ya kurekebisha makosa ya uandishi na ya hesabu. Ombi hilo lifanywe mapema, kabla dalali wa mahakama hajaanza kazi yake kwa hati yenye kasoro.

Tangu mwaka 2021 sheria inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ukipewa waraka ambao huuelewi, usione haya kuomba ufafanuzi.

Gharama za kesi: nani hulipa?

Kanuni ya jumla ni kwamba gharama humfuata mshindi, maana yake aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Hata hivyo, mahakama ina hiari katika jambo hili. Ikiamua kwamba mshindi asilipwe gharama, inatakiwa kueleza sababu zake kwa maandishi.

Kanuni hii ina makali pande zote mbili. Majeruhi anayefungua shauri lisilo na ushahidi wa kutosha, kisha akashindwa, anaweza kuamriwa kulipa gharama za mdaiwa. Kwa hiyo ushauri wa kisheria utafutwe kabla ya kufungua shauri. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Jambo jingine linaloleta maumivu ni tofauti kati ya gharama anazolipwa mshindi na ada aliyokubaliana na wakili wake. Gharama ambazo mahakama humtoza aliyeshindwa hupimwa kwa viwango vilivyowekwa na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Ada aliyokubali mteja kwa wakili wake ni mkataba wa watu hao wawili. Ikiwa mchuuzi wetu aliahidi ada kubwa kuliko kiasi kitakachokubaliwa, tofauti hiyo ataitoa katika fidia yake mwenyewe. Makubaliano ya ada yaandikwe mwanzoni, yaeleze kiasi, na yaeleze pia kama gharama zitakazolipwa na upande wa pili zitahesabiwa kuwa sehemu ya ada hiyo.

Namna ya kudai gharama

Amri ya gharama haitaji kiasi. Ili kiasi kijulikane, mshindi huwasilisha hati ya gharama, yaani orodha ya kila alichotumia katika shauri: ada za mahakama, ada ya wakili, gharama za kupeleka wito, nauli na posho za mashahidi, na malipo mengine yaliyokuwa ya lazima. Hatua zake ni hizi:

1. Hati ya gharama iwasilishwe ndani ya siku 60 tangu tarehe ya amri iliyotoa gharama.
2. Upande wa pili hupewa nakala na nafasi ya kupinga kipengele kimoja kimoja.
3. Mkadiriaji wa gharama, ambaye katika Mahakama Kuu ni Msajili au Naibu Msajili, hupitia orodha, hukubali kinachostahili na kukata kisichostahili. Anaweza kudai stakabadhi.
4. Asiyeridhika na ukadiriaji anaweza kupeleka suala hilo kwa Jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Ni muhimu sana kutozidisha madai. Ikiwa zaidi ya moja ya sita ya jumla ya hati ya gharama, bila kuhesabu ada za mahakama, itakatwa, aliyeiwasilisha hatapata gharama za ukadiriaji huo.

Katika mfano wetu, mchuuzi aliwasilisha hati ya Sh. 4,200,000, mbali na ada za mahakama. Moja ya sita ya kiasi hicho ni Sh. 700,000. Mkadiriaji alikata Sh. 600,000 na kukubali Sh. 3,600,000. Kwa kuwa kilichokatwa hakikuvuka moja ya sita, kanuni hiyo haikumdhuru.

Mahakama inaweza pia kuamuru gharama zizae riba, kwa kiwango kisichozidi asilimia 7 kwa mwaka.

Kampuni ya bima inawajibika wapi?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaitaka kampuni iliyotoa bima ya lazima kumlipa aliyeshinda shauri dhidi ya mwenye bima. Wajibu huo haukomei kwenye fidia. Unajumuisha gharama za kesi na riba juu ya fedha iliyoamuriwa. Kampuni inayosema, "Sisi tunalipa fidia tu, riba mtafute mwenye gari," haisemi sawasawa na sheria kwa madai yanayohusu bima ya lazima.

Lakini wajibu huo una masharti. Kubwa zaidi kwa majeruhi ni taarifa. Kampuni ya bima ni lazima iwe imejulishwa juu ya shauri kabla halijafunguliwa, au ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria baada ya kufunguliwa. Tunashauri taarifa itolewe kwa maandishi kabla ya kufungua shauri, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itunzwe. Majeruhi aliyeshinda shauri bila kutoa taarifa anaweza kujikuta ana hukumu dhidi ya dereva asiye na mali, huku kampuni ya bima ikiwa imejitoa kihalali.

Sharti jingine ni kwamba bima iwe hai siku ya ajali. Uhakiki wa stika ya bima unaweza kufanywa kupitia mfumo wa TIRA-MIS. Namba ya usajili wa gari ichukuliwe siku ileile ya ajali, na taarifa ya polisi ifuatiliwe pamoja na fomu ya PF3 iliyotumika hospitalini.

Kama gari halikuwa na bima, hukumu inabaki kuwa deni la dereva na mwenye gari. Riba na gharama zinaendelea kudaiwa kwao.

Mambo yanayoweza kusimamisha malipo au riba

*Rufaa.* Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Anayetaka utekelezaji usimame ni lazima aiombe mahakama, na anaweza kutakiwa kuweka dhamana. Amri hiyo ikitolewa, kampuni ya bima haitalazimika kulipa hadi amri iondolewe. Lakini hukumu ikithibitishwa, riba huhesabiwa tangu siku ya hukumu ya awali.

*Fedha iliyowekwa mahakamani.* Wakati shauri likiendelea, mdaiwa anaweza kuweka mahakamani kiasi anachoona kinatosha kumaliza madai. Tangu mdai apate taarifa rasmi ya jambo hilo, hapati riba juu ya kiasi hicho kilichowekwa, awe amekipokea au hakukipokea. Mdai asiipuuze taarifa kama hiyo. Aijadili na wakili wake upesi.

*Ukimya wa mshindi.* Maombi ya kukazia hukumu yana ukomo wa miaka 12. Huo si mwaliko wa kungoja. Ndani ya miaka hiyo mali huuzwa, watu huhama, na kumbukumbu hupotea.

Karatasi ya mwisho: someni kabla ya kutia saini

Malipo yanapokuwa tayari, majeruhi huletewa hati ya kukubali malipo. Hati hiyo kwa kawaida hueleza kwamba mpokeaji amelipwa kikamilifu na hatadai chochote tena. Tuangalie haki yote ya mchuuzi wetu miezi 15 baada ya hukumu:

- Fidia: Sh. 24,400,000
- Riba ya kabla ya hukumu: Sh. 1,280,000
- Riba ya baada ya hukumu: Sh. 2,135,000
- Gharama za kesi zilizokadiriwa: Sh. 3,600,000
- Jumla: Sh. 31,415,000

Akiletewa hundi ya Sh. 24,400,000 na hati inayosema "malipo kamili na ya mwisho," naye akatia saini, huenda ameacha Sh. 7,015,000. Kwa mchuuzi aliyesimama biashara, hicho ni mtaji wa kuanza upya.

Anaweza kukubali malipo ya sehemu. Lakini aandike, na alipaji akubali kwa maandishi, kwamba fedha hiyo ni sehemu tu ya deni, na salio la riba na gharama bado linadaiwa. Anaweza pia kuamua kusamehe sehemu ya riba ili alipwe haraka. Huo ni uamuzi halali, mradi ufanywe baada ya hesabu kuwekwa mezani.

Ukikwama

Kwanza, iandikie kampuni ya bima ukiambatanisha nakala ya hukumu, hati ya tuzo, uamuzi wa ukadiriaji wa gharama na hesabu ya riba hadi tarehe ya barua. Taja riba ya kila siku ili mlipaji aone deni linavyokua. Pili, kampuni isipojibu au ikikataa bila sababu ya kisheria, wasilisha malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tatu, njia ya mahakama ya kukazia hukumu, au ya kuidai kampuni kwa msingi wa hukumu hiyo, inabaki wazi. Kwa migogoro ya bima ambayo haijafikishwa mahakamani, ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Jipime

1. Tuzo ni Sh. 15,000,000 na imelipwa miezi 8 baada ya hukumu. Riba ya baada ya hukumu ni kiasi gani?
2. Amri ya gharama ilitolewa tarehe 1 Machi. Je, hati ya gharama inaweza kungoja hadi mwezi Juni?
3. Mdai hakuomba riba ya kabla ya hukumu katika hati ya madai. Je, amepoteza pia riba ya baada ya hukumu?

*Majibu:* (1) Sh. 15,000,000 × 7% ni Sh. 1,050,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 87,500 kwa mwezi. Kwa miezi 8 ni Sh. 700,000. (2) Hapana. Siku 60 huisha kabla ya mwezi Mei kuanza. Hati iwasilishwe mapema. (3) Hapana. Riba ya baada ya hukumu huja kwa nguvu ya sheria, lakini ahakikishe imeandikwa katika hati ya tuzo.

Somo hili ni mwongozo wa jumla na halichukui nafasi ya ushauri wa wakili kuhusu shauri mahsusi. Msomaji aliyeshinda shauri na bado hajalipwa achukue hati yake ya tuzo leo, aangalie tarehe ya hukumu, na afanye hesabu kama tulivyoonyesha.